Mnunuzi anataka ISO 14001, na mshauri anaahidi cheti ndani ya wiki tatu: tufanyeje?

"Nasimamia ubora kwenye kiwanda cha kuchapisha vifungashio chenye wafanyakazi 60. ISO 9001, ile ya mfumo wa kusimamia ubora, tunayo tayari. Mwezi uliopita mnunuzi wetu mkubwa wa nje alituandikia kwamba kuanzia mwakani atapendelea wasambazaji wenye ISO 14001, yaani kiwango cha kimataifa cha mfumo wa kusimamia mazingira. Mkurugenzi anaona ni kutupa hela: anasema sisi si kiwanda cha kemikali, hatuna bomba linalotoa moshi, na kibali cha mazingira tunacho. Mimi nimesoma kidogo nikaingiwa na hofu, maana mashine zetu ni za zamani na sidhani kama tutafikia viwango vya kimataifa vya uchafuzi. Wakati huohuo kuna mshauri anayesema atatuletea cheti ndani ya wiki tatu, nyaraka zote anazo tayari. Je, kampuni ya ukubwa wetu inafaidika na nini hasa? Na huyu mshauri tumwamini?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka. Huyo wa wiki tatu msimpe hata malipo ya awali. Simfahamu, na huenda ana nia njema, lakini anachoahidi hakipatikani kwa njia halali. Ukaguzi wa cheti una awamu mbili. Awamu ya kwanza hutazama kama mfumo umejengwa na kama mko tayari. Ya pili hukagua kama unafanya kazi kweli. Kabla ya hiyo ya pili, kampuni inatakiwa iwe imeshajikagua yenyewe kwa ndani, na menejimenti iwe imeshakaa ikapitia matokeo na kutoa maamuzi. Yote hayo huacha kumbukumbu zenye tarehe. Ndani ya wiki tatu hamtakuwa na cha kukaguliwa, labda kumbukumbu zitungwe.

Na hizo nyaraka zilizo tayari nazijua. Niliwahi kufungua jalada la kiwanda cha samani nikakuta ukurasa mzima unaoeleza hatua za kuchukua iwapo amonia itavuja kwenye chumba cha baridi cha samaki. Kiwanda kile hakikuwa na chumba cha baridi, na samaki hawakuwahi kuingia pale isipokuwa ndani ya vyombo vya chakula cha mchana. Aliyesaini ukurasa ule alikuwa amekaa mbele yangu. Tulibaki wote wawili tunautazama.

Jua pia nani hutoa nini. ISO, shirika lenye makao yake Geneva, huandika viwango tu. Halikagui kampuni wala halitoi cheti kwa yeyote. Cheti hutolewa na taasisi za ukaguzi, na taasisi hizo nazo hupaswa kuwa na ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba zinaweza kazi hiyo, kutoka kwa chombo kinachotambulika, zikifuata kiwango chao wenyewe, ISO/IEC 17021-1. Mmoja wa misingi ya kiwango hicho ni kutopendelea: anayekujengea mfumo hawezi kuwa yeye huyohuyo anayekukagua na kukupa cheti. Mshauri akikuambia atafanya yote mawili, hapo mazungumzo yamekwisha. Wanunuzi wakubwa siku hizi huhakiki vyeti mtandaoni, na kuna kanzidata ya IAF CertSearch kwa kazi hiyo hasa. Cheti kisicho na ithibati kinaweza kuwaharibia jina kuliko kutokuwa na cheti kabisa, kwa sababu asiye na cheti hajamdanganya mtu.

Sasa hofu yako. Nadhani Kiswahili chetu nacho kimechangia. Neno "kiwango" tunalitumia kwa maana mbili: kiasi cha kitu, kama kiwango cha sukari mwilini, na pia utaratibu uliokubaliwa wa kufanya jambo. Unaposikia "viwango vya kimataifa vya mazingira" akili inakimbilia maana ya kwanza, unaona jedwali la namba na mashine yako kuukuu imeshindwa mtihani. ISO 14001 haina jedwali hilo. Ipekue yote, hutakuta imeandikwa mahali popote kwamba maji yako machafu yasizidi kiasi fulani. Namba hizo hutoka kwenye sheria za nchi unayofanyia kazi na kwenye masharti ya kibali chako.

Inachodai ni kwamba mjue shughuli zenu zinagusa mazingira wapi na kwa namna gani, mjue sheria zinawataka nini, mchague mambo mazito zaidi na kuyawekea malengo, myadhibiti, mpime, mjikague, na mkikosea msahihishe chanzo cha kosa. Uongozi wa juu unatakiwa kutoa ahadi tatu kwa maandishi: kulinda mazingira, pamoja na kuzuia uchafuzi, kutimiza wajibu wa kisheria na mwingine mliojifunga nao, na kuendelea kuuboresha mfumo ili matokeo yawe bora zaidi. Mashine ya zamani haikunyimi cheti. Kinachokunyima cheti ni kutojua mashine hiyo inatoa nini, au kujua na kunyamaza.

Hapo ndipo pia ulipo udhaifu wake, na nisingekuwa mkweli nikiuruka. Viwanda viwili vinavyofanya kazi ileile, kimoja kisafi na kingine kichafu kiasi, vinaweza vyote kukidhi matakwa ya ISO 14001 mradi kila kimoja kinatii sheria na kinasonga mbele kutoka kilipoanzia. Anayekuambia cheti hiki ni uthibitisho kwamba kampuni haichafui ama hajakisoma kiwango, ama anauza kitu.

Tuje kwa mkurugenzi. Hoja yake ya "hatuna moshi" naisikia kila mara, na kwenye uchapishaji wa vifungashio ndiyo hoja inayobomoka mapema kuliko zote. Fanyeni hivi, nyinyi wawili, asubuhi moja tu, bila mshauri yeyote. Fuateni thina, kile kimiminika cha kuyeyushia wino na kusafishia mashine.

Anzeni stoo. Chukueni ankara za miezi mitatu mjue mmenunua lita ngapi za thina na viyeyusho vingine. Kisha nendeni nyuma, panapowekwa mapipa ya taka, mjue ni lita ngapi zimechukuliwa na kampuni ya taka katika miezi hiyohiyo. Tuseme mmenunua lita 1,500, akiba ya stoo imebaki ileile, na zilizotoka kama taka ni 500. Lita 1,000 ziko wapi? Kwenye kifungashio hazipo kwa kiasi cha maana, kwa sababu wino wa kiyeyusho hukauka kwa kile kiyeyusho kuruka. Ni hesabu ya kutoa tu: ziko hewani. Sehemu yake imepita kwenye kikaushio cha mashine, na hiyo ni sehemu ya mchakato. Lakini sehemu nyingine imetoka kwenye ndoo iliyoachwa wazi pembeni ya mashine tangu zamu ya asubuhi, kwenye matambara yenye thina yaliyotupwa kwenye pipa lisilo na kifuniko, kwenye kopo linalomiminwa bila faneli. Hiyo ni hela iliyonunuliwa, ikabebwa, ikahifadhiwa, ikaachwa iruke. Ikishafika nje, mvuke huo hukutana na oksidi za nitrojeni chini ya jua na kusaidia kutengeneza ozoni ya karibu na ardhi, ambayo huwasha mapafu. Kabla haujafika nje umeshapita puani mwa mwendesha mashine.

Kwa hiyo moshi mnao. Tatizo ni kwamba hauonekani kwa macho, na hauna bomba.

Mkimaliza thina, nendeni kwenye kompresa. Subirini wakati wa chakula, mashine zote zikiwa zimesimama na hakuna anayetumia hewa, kisha mshike saa. Kompresa ya kawaida ikishajaza tangi hupumzika, na presha ikishuka inaanza tena. Kama hakuna anayetumia hewa na bado inafanya kazi dakika 2, inapumzika dakika 6, kisha inarudia, basi robo ya uwezo wake inavuja: 2 ugawe kwa 8. Mkitembea taratibu ukimya ule mtazisikia sehemu zenyewe, mlio mwembamba kwenye viungo vya mipira na kwenye kapulingi zilizochakaa. Uvujaji wa asilimia 20 hadi 30 si jambo la ajabu kwenye mifumo isiyotunzwa, na hewa iliyobanwa ni miongoni mwa nishati ghali zaidi kiwandani, kwani sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye kompresa hugeuka joto. Mipira na klampu zinaweza kushusha bili ya umeme kabla hujaandika sera hata moja.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi. Lile ambalo kiwango hukiita utambuzi wa vipengele vya kimazingira, na ambalo washauri wengi huligeuza jedwali la kurasa 40 lenye alama 1 hadi 5, kimsingi ni hiki mlichokifanya asubuhi hiyo: kufuata kinachoingia, kinachotoka, na kinachopotea katikati. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko ISO 14001. Mwaka 1975 kampuni ya 3M ya Marekani ilianzisha mpango wake uliojulikana kama Pollution Prevention Pays, yaani kuzuia uchafuzi kunalipa, kwa hoja kwamba taka ni malighafi uliyoinunua ikakushinda kuitumia, na kuizuia kwenye chanzo ni nafuu kuliko kuisafisha mwishoni.

Kiwango chenyewe kilikuja baadaye. Uingereza ilitoa chake, BS 7750, mwaka 1992, mwaka uleule wa mkutano wa Rio kuhusu mazingira na maendeleo. Mwaka 1993 ISO iliunda kamati yake ya mazingira, TC 207, na mwaka 1996 toleo la kwanza la ISO 14001 likatoka. Lilifanyiwa marekebisho mwaka 2004 na 2015, na mwaka 2024 ikaongezwa sharti fupi la kampuni kupima kama mabadiliko ya tabianchi ni suala linalowahusu. (Kabla ya kununua nakala, hakikisha ni toleo linalotumika sasa, nakala za zamani zinazunguka sana.) Na barua ya mnunuzi wenu si jambo jipya: mwaka 1999 Ford na General Motors ziliwatangazia wasambazaji wao kwamba zitawataka wawe na ISO 14001 ndani ya miaka michache. Tangu hapo shinikizo limekuwa likishuka kwenye mnyororo namna hiyohiyo, mkubwa akimwandikia wa kati, wa kati akimwandikia mdogo.

Kuhusu kibali mlicho nacho: ni jambo jingine kabisa. Kibali ni ruhusa ya serikali yenye masharti, na cheti hakikifuti wala hakikibadilishi. Uhusiano wao ni kwamba ISO 14001 itawalazimisha muorodheshe masharti yote ya kibali hicho pamoja na sheria nyingine zinazowahusu, kisha mjipime kwa vipindi kama mnayatimiza, na muwe na ushahidi. Kampuni nyingi hugundua hapo kwamba kibali chao kinataka vipimo vya kila robo mwaka ambavyo havijafanywa tangu aliyekuwa akivifuatilia aache kazi. Ni afadhali ugundue wewe kuliko kugunduliwa.

Faida, basi. Ninazoweza kukuahidi bila kusita ni zile zinazotokana na kazi yenyewe: malighafi na umeme unaoacha kupotea, ajali ndogondogo za kumwagika zinazopungua, kujua mlipo kisheria, na kumbukumbu zinazobaki hata mtu akiondoka. Hizi mnazipata hata bila cheti. Cheti chenyewe huongeza kitu kimoja tu, yaani mtu wa nje asiye na undugu nanyi anayethibitisha kwamba kazi hiyo inafanyika, na thamani yake inategemea kama kuna mtu anayetaka kuthibitishiwa. Kwenu yupo. Kwa kampuni isiyo na mnunuzi wa namna hiyo wala zabuni zinazodai cheti, mara nyingi nashauri ifanye kazi na iache cheti.

Nisizoweza kuahidi ni mauzo kupanda na faida kuongezeka. Tafiti kuhusu jambo hilo hazisemi lugha moja, na kuna mtego ndani yake: kampuni zilizokuwa zikiendeshwa vizuri tangu mwanzo ndizo huwa na wepesi wa kutafuta cheti, kwa hiyo ukikuta wenye vyeti wanafanya vizuri, huwezi kusema moja kwa moja kwamba cheti ndicho kilichowafanya hivyo. Gharama nazo ni halisi. Kuna ada ya ukaguzi wa kwanza, kisha ukaguzi wa ufuatiliaji angalau mara moja kila mwaka, kisha ukaguzi wa upya kila baada ya miaka mitatu. Gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye ankara ya mtu: ni muda wako wewe. Mkurugenzi akikuongezea jukumu hili bila kukupunguzia lingine, mfumo utakufa mwaka wa pili, na nimeona ikitokea zaidi ya mara moja.

Lakini nyinyi mna mtaji ambao wengi hawana. Tangu matoleo ya 2015, ISO 9001 na ISO 14001 zina muundo mmoja wa vifungu. Udhibiti wa nyaraka, ukaguzi wa ndani, mapitio ya menejimenti, hatua za kurekebisha: vyote mnavyo. Msijenge mfumo wa pili pembeni, panueni uliopo. Yaliyo mapya kwenu ni vipengele vya kimazingira, wajibu wa kisheria, utayari wa dharura (pipa la lita 200 likipasuka saa tisa usiku, nani anafanya nini, na mfereji wa sakafuni unaelekea wapi?), na mtazamo wa maisha yote ya bidhaa. Hilo la mwisho lisikutishe. Halidai ufanye ile tathmini kamili ya kisayansi ya ISO 14040. Linataka mfikirie bidhaa nje ya lango lenu. Kwenye vifungashio swali la maana ni hili: mnapobandika tabaka za plastiki za aina tofauti pamoja, nani ataweza kuzirejeleza? Kwa kawaida karibu hakuna, kwa sababu tabaka hizo ni vigumu kutenganishwa. Uamuzi huo hufanywa mezani wakati wa kubuni, siyo jalalani, na ni mazungumzo ambayo mnunuzi wenu huenda anayatamani kuliko cheti chenyewe.

Hapo naomba urudi kwenye barua yake. Umeandika "atapendelea". Neno hilo lisikupite. Kupendelea si kulazimisha, na wanunuzi wengi huandika ISO 14001 huku wanachohitaji kikiwa kingine: hesabu ya gesijoto za kampuni (gesi zinazoongeza joto duniani), ambayo ni ISO 14064-1, au nyayo ya kaboni, yaani jumla ya gesi hizo kwa kifungashio kimoja, ambayo ni ISO 14067, au lebo ya mazingira juu ya bidhaa. ISO 14001 haisemi lolote kuhusu bidhaa kuwa ya kijani, na kuichapisha juu ya kifungashio kana kwamba inasema hivyo ni kosa. Muulize kabla ya kutumia hata senti.

Njia ya katikati ipo. Kiwango kingine, ISO 14005, kinaeleza namna ya kujenga mfumo kwa awamu, na kiliandikwa kwa kuwafikiria hasa wadogo. Mnaweza kuanza na thina na hewa tu, mkaufanya mzunguko mzima kwa mambo hayo mawili, kisha mkapanua. ISO 14001 yenyewe inakubali pia kampuni ijitangazie kwamba inakidhi matakwa, au imwalike mteja aje athibitishe. Tangazo la namna hiyo lina uzito mdogo kuliko cheti, lakini mbele ya mnunuzi anayewajua linaweza kutosha kwa mwaka wa mpito. Mimi ningekuwa kwenye kiti chako ningeanza kwa awamu sasa hivi na kulenga ukaguzi wa cheti baada ya miezi tisa hadi 12, iwapo mnunuzi atathibitisha kwamba ndicho anachokitaka.

Kuna mambo ambayo majibu ya maandishi kama haya hayatoshi, na nakuomba usiyafanyie majaribio. Mvuke wa viyeyusho vingi ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini, kwenye mashimo na mifereji, na cheche moja inatosha. Kama mnachanganya wino kwenye chumba chenye swichi za kawaida, au harufu haitoki hata feni zikiwaka, mwiteni mhandisi wa usalama aje aone kwa macho. Wafanyakazi wakilalamika kizunguzungu au kuumwa kichwa kinachoisha siku za mapumziko, hiyo ni kazi ya daktari anayejua magonjwa ya kazini, na ianze leo. Kama mna tangi la chini ya ardhi au sehemu ambayo mapipa yalivuja miaka iliyopita, msichimbe kabla mtaalamu wa udongo na maji hajapapima. Na mkigundua mmekiuka sharti la kibali, ongeeni na mwanasheria wa mazingira kwanza kuhusu namna ya kutoa taarifa. Kuficha kutawafuata hadi kwenye chumba cha ukaguzi.

Kwa mnunuzi andika kwa kifupi: kwamba mmepokea barua yake, kwamba mmeanza kujenga mfumo wa ISO 14001 juu ya ISO 9001 yenu, kwamba mtamtumia takwimu za kwanza za viyeyusho na umeme baada ya miezi mitatu, na kwamba mngependa kujua kama anahitaji cheti chenye ithibati, ifikapo lini, na kama kuna taarifa za kaboni anazozihitaji pia. Mfanye mkurugenzi aisaini yeye. Ukitaka aisaini bila ubishi, mpelekee siku ileile mliyosimama pamoja mbele ya kompresa.